Kuandika sheria za kazi ambazo wafanyikazi wataona kweli unawajali

Kama una kampuni hapa Nairobi, iwe ofisi ndogo Westlands ama godauni Industrial Area, na umeamua kuandika sheria zinazojali watu, anza na mtu akifiwa. Wengi huanza na keki za bathdei, na hizo ni sawa, lakini mfanyikazi atakumbuka vile ulimfanyia wakati alipoteza mamake.

Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya mwaka siku 21 za kazi, miezi 3 kwa mama akijifungua, wiki 2 kwa baba, zote na mshahara kamili. Kufiwa haijataja. Sasa mtu anaenda kwa meneja kubembeleza na macho yamevimba, meneja akiwa na mudi poa anampa wiki, akiwa amekasirika anampa siku 2 na anazikata kwa likizo yake ya mwaka. Andika siku kamili, mimi naona 5 za malipo ndio kidogo kabisa, na umruhusu azigawanye ju kuna kutafuta mochari, kuna mikutano ya mazishi jioni, alafu kuna safari ya usiku mpaka Busia ama Siaya na kurudi. Mwislamu naye mara nyingi anazika siku hiyo hiyo kwa hivyo andika kwamba anaweza toka saa hiyo kwa kupiga simu tu, fomu atajaza akirudi.

Alafu usiandike "mzazi, bibi, bwana, mtoto" ukafunga hapo. Wengi wetu tumelelewa na shosho ama dada mkubwa. Siku mtu anaajiriwa mpe nafasi ataje watu wake mwenyewe, muweke kwa faili, hakuna kuulizwa baadaye "kwani huyo ni nani yako?" Na mchango wa kampuni uwe kiwango kimoja, wa meneja na wa mtu wa usafi ziwe sawa, ju jeneza halijui cheo.

Advansi ndio ya pili. Karo na kodi hazingoji mwisho wa mwezi na watu wanaishia kukopa kwa simu. Weka siku maalum, sema mtu anaweza chukua kiasi gani cha mshahara wake, itarudi kwa miezi mingapi, na usimuulize sababu. Hiyo ya kutouliza ni muhimu sana kwangu, mtu mzima asilazimike kueleza shida za nyumbani kwake ndio apewe pesa atakayoifanyia kazi. Cheki tu makato yote pamoja yasipite theluthi 2 ya mshahara, hapo sheria imeweka mpaka.

Ugonjwa: sheria inasema mtu akimaliza miezi 2 kazini anapata angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha chini, unaweza ongeza. Pia andika kwamba siku ya kwanza haihitaji barua ya daktari, mtu wa homa apumzike badala ya kupanga foleni kutafuta karatasi.

Shifti ikiisha usiku, mtu wa Rongai au Githurai afikishwe nyumbani, au angalau mpaka steji iliyo na watu, na ukimpa nauli kumbuka mvua ikinyesha inapanda. Siku ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024 hakuna kukatwa pesa ya kuchelewa.

Mama anayenyonyesha apewe chumba safi chenye kufungwa, choo si chumba, na Sheria ya Afya ya 2017 inakudai hivyo. Ukiwa na wafanyikazi 20 kwenda juu lazima pia uwe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, na weka watu 2 wa kupelekewa malalamiko, wasiwe wote mabosi.

Ukishaandika, soma yote kwa Kiswahili na mtu wa usafi na askari wa geti, uwaulize wangefanya nini wakifiwa kesho. Na kama wameletwa na kampuni ya kandarasi, ongea na hiyo kampuni na uandike wazi ni zipi zinawahusu, kabla hujabandika karatasi ukutani.