Kuchapa gazeti la darasa kwa hektografu

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanafunzi wa sekondari Marekani wasio na fedha za mpiga chapa waliweza kutoa gazeti la darasa kwa hektografu, yaani trei ya gelatini inayonyonya wino na kuutoa kwenye karatasi nyingine. Njia hii bado inafanya kazi.

Loweka gramu 30 za gelatini katika maji baridi usiku kucha, kisha mwaga maji yaliyobaki. Pasha gramu 200 za glisirini, sufuria ikiwa ndani ya maji ya moto, tia gelatini, koroga taratibu hadi iyeyuke. Isichemke: viputo vikiganda juu, herufi zitatoka na mashimo. Mimina kwenye trei iliyo sawasawa, toa viputo kwa ukingo wa kadi, iache saa 12.

Andika ukurasa wako kwenye karatasi kwa wino wa zambarau wa anilini (rangi ya kemikali). Wino wa kawaida hautoi kitu. Usigeuze herufi, zitajigeuza zenyewe kwenye gelatini na kurudi sawa kwenye nakala. Futa trei kwa sponji yenye unyevu, laza juu yake karatasi uliyoandika, kifudifudi, dakika 2, ibandue. Sasa bandika karatasi tupu mojamoja na kuzibandua. Utapata nakala kama 50, za mwisho zikiwa hafifu, kwa hiyo mwalimu apewe ya mapema. Gelatini ikinata kwenye karatasi, ni laini mno: iyeyushe tena, ongeza gelatini kidogo.