Kugeuza utabiri wa mtiririko kuwa ratiba ya kufungulia maji ya bwawa la umeme la Mtera, Tanzania

1. Pakua utabiri wa GloFAS (modeli ya dunia nzima ya kutabiri mtiririko wa mito) wa mito inayoingia bwawani: Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo. Chukua njia zote 51 za siku 30; kila njia ni namna moja ambayo mtiririko unaweza kwenda. Wastani peke yake huficha wiki ya ukame.

2. Punguza maji ya mashamba kwenye utabiri. Wakulima wa Usangu wako upande wa juu wa mto, kabla ya bwawa, na modeli ya dunia nzima haioni banio (lango la kuingizia maji mferejini) lililofunguliwa leo asubuhi. Kwa mfano, mpunga hekta 3,000 kwa lita 1.5 kwa sekunde kila hekta ni m³ 4.5 kwa sekunde. Piga hesabu kwa mabanio yaliyo wazi, si kwa vibali. Kinamasi cha Ihefu nacho huyashika maji kabla ya kuyaachia, basi usitarajie mvua ya Usangu ifike Mtera wiki hiyohiyo.

3. Pima utabiri kwa maji yaliyoingia kweli. Hapa ndipo wengi hupotea. Kanuni ni nyepesi: yaliyoingia ni badiliko la ujazo, jumlisha yaliyofunguliwa na mvuke, toa mvua iliyonyesha juu ya bwawa. Tatizo ni upana. Bwawa likijaa, uso wake ni takriban km² 600, kwa hiyo sentimita 1 ni m³ milioni 6. Upepo ukisukuma maji sentimita 1 kuelekea kipimo, hesabu ya siku moja itakuonyesha mto wa uongo wa m³ 69 kwa sekunde. Tumia tofauti ya siku 5. Kosa lilelile litashuka hadi 14. Soma kipimo alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Mvuke pia usiudharau: milimita 6 kwa siku kwenye uso huo ni karibu m³ 42 kwa sekunde. Maji yakishuka uso hupungua, hivyo km² zisome upya kwenye jedwali la bwawa linaloonyesha eneo na ujazo kwa kila kiwango cha maji. Jedwali la zamani, lisilohesabu tope, litakudanganya zaidi karibu na mita 690 juu ya usawa wa bahari.

4. Gawanya yaliyoingia kwa yaliyotabiriwa, kisha zidisha njia zote kwa uwiano huo. Uwiano wa masika usiuchanganye na wa kiangazi.

5. Pitisha kila njia kwenye hesabu ya bwawa. Chagua kiasi cha kufungulia kinachoacha njia 41 au zaidi juu ya mita 690, kiwango cha chini cha maji cha kuendeshea mitambo. Yapitishe kwenye mitambo (MW 80), si kwenye malango ya mafuriko; Kidatu, kituo cha umeme kilicho chini zaidi mtoni chenye MW 204, kitayatumia tena. Maji yakikaribia mita 698.5, kiwango cha bwawa kujaa, na utabiri unapanda, anza kufungulia mapema.

6. Tekeleza siku 7 za kwanza tu. Jumatatu rudia kuanzia hatua ya 1.