Namna ya kupanga pointi za kusaidiana bila kumuonea mtu

Kama mna grupu la mafundi wa injini za boti hapa Kirumba, Mwanza, na mnataka kuwapa pointi wanaosaidia wenzao, kwanza msihesabu meseji, maana anayeandika "sawa" na "pole" kutwa nzima atampita yule mzee aliyejibu mara moja tu na injini ikawaka. Pointi atoe mwenye shida, tena akishajaribu. Kule Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watu wa programu tangu 2008, jibu likipigiwa kura ya kulipandisha unapata pointi 10, muulizaji akilikubali 15, na kwa kura za kawaida huvuki pointi 200 kwa siku, hicho kikomo kichukueni kwa kweli, kinapunguza marafiki kupandishana. Anayelishusha jibu la mwenzake kwa kura naye akatwe kidogo, kule ni pointi 1, la sivyo ugomvi wa mwaloni, kule boti zinakotia nanga, unahamia humo.

Halafu wageni jamani! Kijana katoka Ukerewe juzi, hana pointi hata moja ila karabureta anaijua vizuri sana, msimfungie kujibu. Mimi ningepunguza pointi za zamani kidogokidogo kila mwaka ili na yeye afikie. Na mtu akikatwa, aambiwe kwa nini, palepale.