Parachuti ya Dhahabu: Maana Yake na Namna ya Kulitumia Neno Hili

Parachuti ya dhahabu ni ahadi inayoandikwa kwenye mkataba wa ajira wa kiongozi wa juu wa kampuni, kwamba kampuni ikinunuliwa au ikiingia mikononi mwa wamiliki wapya, na yeye akapoteza nafasi yake kwa sababu hiyo, atalipwa fedha na stahili nyingine zilizotajwa tangu mwanzo. Ndani ya maelezo hayo mna mambo matatu ambayo anayelitumia neno hili hapaswi kuyaacha: kwamba malipo yameahidiwa kabla ya tukio, kwamba yanamhusu kiongozi wa ngazi ya juu na si mfanyakazi yeyote, na kwamba yanafungamana na mabadiliko ya umiliki wa kampuni. Likikosekana la tatu, na ndilo linalosahaulika zaidi, kinachozungumzwa huwa ni malipo makubwa ya kuagana tu.

Kwa msomaji wa Kiswahili njia nyepesi ya kulielewa neno hili ni kuliweka kando ya neno alilolizoea, yaani kiinua mgongo. Kiinua mgongo hutazama nyuma, kwa sababu mtu ameinama akifanya kazi kwa miaka, na siku ya kuondoka anapewa kitu cha kumwezesha kuunyoosha mgongo wake. Ndiyo maana huhesabiwa kwa miaka. Nchini Tanzania, kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri alipe angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, na anayeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inaweka kiwango kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kwa mfanyakazi anayepunguzwa kazini. Kwa hiyo aliyetumikia miaka 15 Dar es Salaam atadai siku 70, na mwenzake wa Nairobi aliyepunguzwa kazini atadai siku 225. Hicho ndicho kima cha chini cha kisheria, na hakimtofautishi karani na meneja isipokuwa kwa ukubwa wa mshahara.

Parachuti ya dhahabu hutazama mbele, kwenye anguko ambalo bado halijatokea. Haijali mtu ametumikia miaka mingapi. Mkurugenzi mtendaji aliyeingia ofisini miezi minane iliyopita anaweza kuondoka na malipo ya miaka mitatu, kwa kuwa yeye na bodi walikubaliana hivyo siku alipotia saini. Haikutoka kwenye sheria ya kazi, imetoka kwenye majadiliano ya watu wawili wenye wanasheria. Kwa sababu hiyo ni kosa kuandika kwamba mkurugenzi fulani "amelipwa kiinua mgongo cha dola milioni 20" ikiwa fedha hizo zimetokana na mkataba wake binafsi uliofyatuliwa na uuzaji wa kampuni, na ni kosa vilevile kuita parachuti ya dhahabu mafao ya mtumishi aliyestaafu kwa umri wake.

Neno lenyewe lina asili ya Marekani. Simulizi inayorudiwa zaidi ni ya mwaka 1961, wakati wadai wa shirika la ndege la TWA walipokuwa wakipambana kumwondoa tajiri Howard Hughes, mmiliki wake mkuu, kwenye udhibiti wa shirika hilo na wakamleta Charles Tillinghast kuliongoza, naye akapewa mkataba wa kumlinda iwapo Hughes angerudi na kumtimua. Hata hivyo, jambo lililolifanya neno lisikike mitaani ni vita vya mwaka 1982 kati ya kampuni mbili za Marekani, Bendix na Martin Marietta. Bendix, chini ya William Agee, ilijaribu kuinunua Martin Marietta. Martin Marietta ikageuka na kuanza kuinunua Bendix. Mwishowe kampuni ya tatu, Allied, ikaimeza Bendix, na Agee akatua chini akiwa na ahadi ya takribani dola milioni 4. Watu waliuliza, na swali lilikuwa la haki, inakuwaje aliyeanzisha ugomvi uliomponza alipwe hivyo.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Mnunuzi anapoleta dau zuri, wanahisa wangependa kuuza, lakini mkurugenzi mtendaji anajua kwamba siku kampuni itakapouzwa kiti chake kitakwenda na bei. Asipokuwa na kinga yoyote atatafuta kila sababu ya kulikataa dau hilo. Parachuti humtuliza ili aweze kushauri kwa haki. Tatizo ni kwamba dawa hii ikizidi kipimo hugeuka kuwa sumu: mtu aliyeahidiwa fedha nyingi mno anaweza kuifurahia safari ya kuanguka kuliko kuiendesha ndege, na akamuuzia kampuni mnunuzi wa kwanza atakayebisha hodi. Mimi naona hoja ya watetezi ina nguvu pale malipo yanapolingana na mwaka mmoja au miwili ya mapato, na hudhoofika haraka baada ya hapo.

Anayetaka kujua kama ahadi fulani kweli ni parachuti ya dhahabu, na ina uzito gani, hana budi kusoma kifungu chenyewe. Chukua mfano huu, nilioutunga kwa kufuata mtindo wa kawaida wa mikataba hiyo: "Iwapo, ndani ya miezi 24 baada ya mabadiliko ya umiliki, Kampuni itasitisha ajira ya Mkurugenzi Mtendaji pasipo kosa lake, au yeye mwenyewe akajiuzulu kwa sababu ya msingi, Kampuni itamlipa mara mbili ya jumla ya mshahara wake wa mwaka na bonasi yake, itagharimia bima yake ya afya kwa miezi 24, na hisa zote alizoahidiwa zitakuwa zake papo hapo."

Anza na sharti la malipo, usianze na kiasi. Kifungu hiki kina masharti mawili: kwanza umiliki ubadilike, kisha ajira ikome. Yote mawili yasipotimia hakuna kinacholipwa. Iko mikataba ya sharti moja tu, ambapo kampuni ikishauzwa fedha zinatoka hata kama mkurugenzi ataendelea kukaa kwenye kiti kilekile na mnunuzi akamwongezea mshahara. Wanahisa wa Marekani wameichukia mikataba ya namna hiyo, na leo kinga ya masharti mawili ndiyo iliyoenea.

Kisha tafuta maana ya "mabadiliko ya umiliki" kwenye ukurasa wa tafsiri ya maneno, ambao wasomaji wengi huuruka. Je, ni kununuliwa kwa zaidi ya nusu ya hisa, au asilimia 20 au 30 zinatosha? Je, kubadilika kwa wajumbe wengi wa bodi kunahesabiwa? Je, muungano uliopigiwa kura tu, ambao bado haujakamilika, unatosha? Tafsiri iliyolegea inaweza kufyatua malipo kwenye shughuli ambayo haikumdhuru mtu yeyote. Vivyo hivyo, angalia "sababu ya msingi" ya kujiuzulu. Kwa kawaida humaanisha kushushwa cheo, kupunguziwa mshahara au kuhamishiwa kituo cha mbali, lakini wanasheria hodari huweza kuipanua hadi mkurugenzi ajiuzulu kwa hiari yake na bado ahesabiwe kuwa amefukuzwa. Kuhusu "kosa", mikataba mingi ya wakubwa hulifasiri kwa ufinyu sana, hivi kwamba utendaji mbovu pekee hauhesabiwi kuwa kosa. Hapo ndipo inapotokea kiongozi kulipwa vizuri baada ya kuharibu.

Mwisho kokotoa jumla, ukikumbuka kwamba fungu kubwa huenda lisiwe la fedha taslimu. Bima ya afya ni kitu kidogo. Hisa zilizoharakishwa, ambazo mhusika angezingoja miaka mitatu au minne, mara nyingi ndizo zinazobeba uzito wote.

Nchini Marekani kuna jambo la nne, nalo ni kodi. Baada ya kelele za miaka ile, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 1984 sheria inayopima malipo haya dhidi ya wastani wa mapato ya mhusika kwa miaka mitano iliyotangulia. Malipo yakifikia mara tatu ya wastani huo, sehemu yote inayozidi wastani mmoja inatozwa kodi ya ziada ya asilimia 20, juu ya kodi ya kawaida ya mapato, na kampuni hairuhusiwi kuitoa sehemu hiyo kama gharama inapokokotoa kodi yake. Tuseme wastani ni dola 1,000,000. Akilipwa dola 2,999,999 hadaiwi kitu. Ikiongezwa dola moja tu, dola 2,000,000 zinaingia kwenye mtego, na anadaiwa dola 400,000. Ndiyo maana katika mikataba mingi utaona maneno "mara 2.99", ambayo kwa asiyejua sheria hii huonekana kama kosa la uchapaji. Kinyume na matarajio ya wabunge, sheria hiyo iliwapa wakurugenzi kipimo cha kuombea: aliyekuwa hana parachuti alijua sasa kwamba karibu mara tatu ni kiasi kinachovumiliwa. Kampuni nyingine zikaenda mbali zaidi na kuahidi kumlipia mhusika hiyo kodi ya ziada, na kwa kuwa malipo hayo ya kufidia nayo hutozwa kodi ileile, gharama ilivimba. Tangu mwaka 2010, sheria ya mageuzi ya fedha ya Dodd-Frank inawapa wanahisa wa kampuni zilizoorodheshwa sokoni nafasi ya kupigia kura parachuti zinazohusiana na muungano au ununuzi. Kura hiyo ni ya ushauri, haifuti mkataba.

Uswisi ilichukua njia kali zaidi. Tarehe 3 Machi 2013 karibu asilimia 68 ya wapiga kura waliunga mkono pendekezo lililopiga marufuku malipo ya kuagana kwa vigogo wa kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Wiki chache kabla ya hapo, umma ulikuwa umechemka kwa habari kwamba Daniel Vasella, mwenyekiti aliyekuwa akiondoka kampuni ya dawa ya Novartis, angelipwa hadi faranga milioni 72 ili asifanye kazi kwa washindani. Naye aliziacha kabla ya kura. Sheria ya makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, iliyofuata nyayo za Uingereza, inataka wanahisa waidhinishe baadhi ya malipo anayopewa mkurugenzi kwa kupoteza nafasi yake.

Kuhusu matumizi ya neno lenyewe kwenye maandishi, "parachuti ya dhahabu" hueleweka haraka kuliko "mwavuli wa dhahabu", kwa sababu mwavuli kwetu ni wa mvua na jua, na picha ya kuruka kutoka angani inapotea. Wingi wake ni "parachuti za dhahabu". Linapotajwa kwa mara ya kwanza liambatane na maelezo mafupi, kwa mfano: "Mkataba wake una parachuti ya dhahabu, yaani fidia atakayolipwa akiondolewa baada ya kampuni kuuzwa." Hakikisha pia umelihariri vizuri, maana nimewahi kukutana na rasimu iliyodai kwamba mkurugenzi aliondoka na "parachichi la dhahabu", na haikuwa mzaha.

Usilitumie kwa kila kigogo anayeondoka na mamilioni. Mkurugenzi mtendaji Robert Nardelli alipoondoka kampuni ya maduka ya Home Depot mwezi Januari 2007 na kifurushi cha takribani dola milioni 210, magazeti mengi yalikiita parachuti ya dhahabu, ingawa kampuni haikuwa imeuzwa. Kwa matumizi ya mazungumzo linapita, lakini katika taarifa ya kifedha au hati ya kisheria ni salama zaidi kuandika "malipo ya kuagana".

Tahadhari moja zaidi ni ya kisarufi. Kampuni za Marekani hutangaza kila mwaka, katika taarifa wanayopelekewa wanahisa kabla ya mkutano mkuu, jedwali la malipo ambayo viongozi wake wangeyapata, na hesabu yake hufanywa kana kwamba tukio lilitokea siku ya mwisho ya kazi ya mwaka wa fedha uliopita. Ni makadirio ya jambo ambalo huenda lisitokee kamwe, na thamani ya hisa itakuwa imeshabadilika siku unapoyasoma. Kwa hiyo kitenzi kinachostahili ni "angelipwa", si "atalipwa", wala hakiwi "amelipwa" mpaka kampuni iuzwe, mtu atoke na fedha zihamishwe.