Somo: Namba za wakulima na barua pepe za ofisi ziwe zilezile kwenye simu, kishikwambi na kompyuta

Habari za kazi, ndugu zangu wa Mtwara na Lindi.

Msimu wa korosho ukifunguliwa, simu ya karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inageuka kuwa ofisi. Namba za wakulima zimo humo, za wenye magari zimo, za watu wa ghala na chama kikuu pia zimo. Simu hiyo ikiibiwa, au karani akiacha kazi, ofisi inaanza upya kuulizia namba kijiji kwa kijiji. Hili linazuilika kwa programu huria, bila kununua leseni yoyote.

Mpango wenyewe uko hivi. Majina na namba vinakaa mahali pamoja, kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza taarifa) yenye programu ya Nextcloud. Kompyuta inavisoma kupitia Thunderbird, programu ya barua pepe na majina, na simu ya Android inavisoma kupitia DAVx5, programu ndogo inayounganisha simu na seva. Utaratibu unaoziunganisha unaitwa CardDAV kwa majina na CalDAV kwa kalenda. Barua pepe ina njia yake, IMAP, inayoziacha barua kwenye seva ili kila kifaa kizione. Kama ofisi haina fundi wa kudumu, chukueni akaunti kwa mtoa huduma anayeendesha Nextcloud. Kujiwekea seva wenyewe huku minada inaendelea ni kujitafutia usumbufu.

Hatua ya 1: Safisha majina kwanza

Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayoamua kama kazi yote itafaa. Usawazishaji, yaani kufanya vifaa vyote viwe na orodha ileile, hauchagui: uchafu ulio kwenye simu moja utasambaa kwenye vifaa vyote.

Fungua programu ya majina kwenye simu, ingia kwenye mipangilio, utoe majina yote kama faili la vcf (faili moja lenye majina na namba zote). Nakili faili hilo kwenye flashi, uliweke kando, usiliguse. Hiyo ndiyo akiba yako mambo yakiharibika.

Kisha pitia orodha. Utakuta mkulima mmoja wa Kitangari kaandikwa mara tatu: "Mzee Kitangari", "Mzee wa Kitangari 2", na jina lake kamili lenye namba ya zamani. Unganisha yote yawe jina moja lenye namba mbili. Namba zote zianze na +255 badala ya 0. Sisi tuko jirani na Msumbiji. Ukivuka Ruvuma na simu yako, namba inayoanza na 0 haitampata mtu wa Tanzania, ila yenye +255 itampata popote ulipo.

Kama orodha yenu iko kwenye jedwali, angalizo moja kubwa. Ukifungua faili la csv (jedwali la maandishi matupu) kwa LibreOffice, programu huria ya majedwali, safu ya namba za simu inachukuliwa kama hesabu, na sifuri ya mwanzo inafutika kimyakimya. Lile dirisha linalotokea kabla faili halijafunguka, bonyeza safu ya simu na uitambulishe kuwa ni maandishi. Ndipo ukubali.

Hatua ya 2: Kompyuta

Weka Thunderbird. Fungua kitabu cha anwani, tengeneza kitabu kipya cha aina ya CardDAV, jaza jina la mtumiaji na anwani ya seva yako. Usitumie nenosiri lako kuu. Ingia Nextcloud kwenye mipangilio ya usalama, utengeneze nenosiri la kifaa, kila kifaa na lake. Simu ikipotea njiani kwenda Newala, unalifuta nenosiri la simu hiyo tu, vingine vinaendelea kufanya kazi.

Sasa ingiza orodha yako safi kwenye kitabu hicho kipya.

Hatua ya 3: Simu

DAVx5 inalipiwa kwenye Google Play, lakini kwenye F-Droid, duka la programu huria za Android, inapatikana bure, nayo ni ileile. Ifungue, ongeza akaunti, weka anwani ya seva na nenosiri la kifaa. Itakuuliza namna ya kuhifadhi makundi. Kwa Nextcloud chagua ile inayoandika kundi ndani ya taarifa za kila mtu. Halafu weka tiki kwenye kitabu cha ofisi. Bila tiki hiyo, hakuna jina litakaloshuka.

Bado jambo moja. Kwenye programu ya majina, badilisha mahali majina mapya yanapohifadhiwa, uchague kitabu cha DAVx5. Usipofanya hivyo, kila namba mpya utakayoandika mnadani itaendelea kwenda kwenye laini au akaunti yako binafsi, na ofisini haitaonekana kamwe.

Hatua ya 4: Barua pepe

Hii ni fupi. Tumia Thunderbird ya Android, iliyotoka mwaka 2024 ikiwa imejengwa juu ya programu ya barua pepe iitwayo K-9 Mail. Thunderbird ya kompyuta inaweza kukuonyesha msimbo wa QR. Upige skani kwa simu na akaunti zinahamia. Hakikisha akaunti ni ya IMAP, mlango 993. Ikiwa ni ya POP3, njia ya zamani ya kuvuta barua, kompyuta inaweza kuzivuta barua na kuzifuta kwenye seva, simu isizikute. Punguza pia ukubwa wa barua zinazoshushwa zenyewe, ili viambatisho visimalize bando.

Maswali ya wanachama

Karani, Tandahimba: Shikamoo mwalimu. Nilifuta majina kwenye simu nipate nafasi, na kwenye kompyuta yamepotea. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Ndivyo usawazishaji unavyofanya kazi: ukifuta hapa, kule kunafutika. Chukua lile faili la vcf la hatua ya kwanza, liingize upya kupitia Thunderbird. Kuanzia sasa toa vcf mpya kila mwisho wa mwezi. Na majina hayali nafasi ya maana. Futa video za WhatsApp.

Mdau, Masasi: Simu yangu ni Tecno. Majina hayaji mpaka niifungue DAVx5 mwenyewe.

Simu inaizima programu ili kutunza chaji. Ingia mipangilio ya betri, uiruhusu DAVx5 ifanye kazi bila kizuizi, na uruhusu ijiwashe simu inapowaka.

Mwalimu, Lindi mjini: Shuleni tuna vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Mkuu wa shule yeye ana iPhone. Tutaelewana?

Mtaelewana, mwalimu mwenzangu. Vishikwambi vya Android fuateni hatua ya 3. iPhone haihitaji DAVx5, ina CardDAV ndani yake: mkuu aongeze akaunti ya majina kwenye mipangilio.

Katibu, Nachingwea: Sisi mtandao ni wa kubahatisha. Inafaa kweli?

Inafaa, ndugu katibu. Majina yanabaki ndani ya simu hata mtandao ukikatika; mabadiliko yanasubiri tu. Mkiwa na fundi, mnaweza kuweka Radicale, seva ndogo huria ya majina na kalenda, kwenye kompyuta ya ofisini, simu zikasawazishwa kwa Wi-Fi ya ofisi bila intaneti kabisa. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, mfumo wa namna hiyo usingeguswa. Ila mtandao huo wa ofisi lazima uwe na nenosiri imara.

Mjumbe wa bodi, Ruangwa: Karani wetu anaondoka. Namba za wakulima atabaki nazo?

Mwambieni aiondoe akaunti ya DAVx5 mbele yenu, majina ya ofisi yataondoka nayo na yake binafsi yatabaki. Kisha futeni nenosiri la kifaa chake kwenye Nextcloud. Fanyeni kabla hajakabidhi ofisi, kwa sababu namba za wakulima ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chama ndicho kitakachoulizwa.