Kuzuia damu isipungue wala isimwagwe: utaratibu wa benki ya damu ya hospitali ya wilaya

Nimeandika utaratibu huu baada ya kumsaidia mtaalamu wa maabara aliyekabidhiwa benki ya damu kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1. Kila asubuhi hesabu chupa kwa kundi na kwa tarehe ya kuisha muda; zinazokaribia kuisha zikae mbele. Idadi iandike kwenye ubao mlangoni mwa jokofu, ambao naupendelea kuliko kompyuta kwa sababu mtu wa zamu ya usiku huuona kabla hajafungua.

Hatua ya 2. Rudisha kwenye akiba ya wote chupa zilizotengwa kwa majina ya wagonjwa. Chupa ikishalinganishwa na sampuli ya mgonjwa, hubandikwa jina lake na hakuna anayeigusa tena, hata upasuaji ukiahirishwa. Usiku mmoja mzazi wa kundi O chanya alikuwa akivuja damu, na katika jokofu mlikuwa na chupa 6 za kundi lake, zote zina majina. Tulimwanzishia chupa 2 za O hasi, za mwisho tulizokuwa nazo, huku nikizunguka wodini kuulizia wenye majina. Wanne walikuwa wamesharuhusiwa kwenda nyumbani, na chupa 2 kati ya zao zilikuwa zimetimiza siku 35, yaani mwisho wa muda wake, siku iliyotangulia. Tangu hapo kila lebo ninayobandika ina saa ya kurudisha, yaani saa 24 baada ya kulinganisha, isipokuwa daktari aombe iongezwe. Piga simu wodini kabla ya kurudisha, kisha bandua lebo yote, kwani jina lililobaki nusu ni hatari. Kwa upasuaji ambao ni nadra kuhitaji damu, pima kundi na kingamwili tu, utunze sampuli. Mwisho wa mwezi gawanya chupa zilizolinganishwa kwa zilizotumika. Jibu likizidi 2, wodi zinaomba kupita kiasi.

Hatua ya 3. Chupa iliyokaa nje ya jokofu zaidi ya dakika 30 hairudi kwenye akiba.

Hatua ya 4. Panga uchangiaji kabla shule hazijafungwa, kwa kuwa wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa, na kabla ya masika, malaria inapowaletea watoto upungufu mkubwa wa damu.

Hatua ya 5. Chupa usizotarajia kuzitumia zitafutie hospitali kubwa zikiwa zimebakiza siku 10. Zikibakiza 2, gari likichelewa tu zitamwagwa huko zilikopelekwa.