Kubuni na Kupanga Bei ya Bampa ya Nyuma kwa Magari ya Njia Mbovu

Mteja anapoingia kwenye banda langu hapa Chake Chake, kisiwani Pemba, mara nyingi swali la bei huja kabla hatujamaliza kusalimiana: "Fundi, bampa ya nyuma ya chuma ni shilingi ngapi?" Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikilitazama gari kwa macho na kutaja namba moja kwa mkupuo, na namba hiyo mara nyingi ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kazi yenyewe. Siku hizi sitaji bei mpaka niwe nimelala chini ya gari, nimepima, nimechora, na kuhesabu kilo na saa. Kila mstari unaoingia kwenye mchoro ni chuma kitakachonunuliwa na muda utakaotumika, na bei inayotangulia mchoro ni bei ya kitu ambacho hata fundi mwenyewe bado hakijui.

Jambo la kwanza ni kumuuliza mteja gari linafanya kazi gani. Mtu anayeshusha boti pwani maji yanapojaa anahitaji ndoano imara ya kuvutia na chuma kitakachostahimili maji ya chumvi. Anayepita mawe ya Kigomasha, kaskazini mwa kisiwa, au ardhi ya maweni upande wa mashariki wa Pemba anahitaji bampa iliyonyanyuka, isiyogusa jiwe gari linaposhuka. Anayetoa magunia ya karafuu shambani wakati wa matope anahitaji mahali pa uhakika pa kufunga shakli, yaani pingu ya chuma yenye pini ya kufungia kamba ya kuvutia, kwa kuwa lazima siku moja atakwama na kuvutwa. Wengi husema wanataka vyote, na hapo ndipo fundi anapopaswa kuwaeleza kwa upole kwamba kila kinachoongezwa kina uzito wake na bei yake.

Baada ya hapo ondoa bampa ya zamani na uisafishe chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa brashi ya waya. Bampa ya kweli huanzia hapo, kwenye miguu inayoishikilia, wala si kwenye sura inayoonekana na watu. Pima matundu ya bolti yaliyokuja na gari, kisha panga miguu yako itumie matundu hayohayo. Usichomelee bampa moja kwa moja kwenye chasisi. Joto la kuchomelea hubadilisha nguvu ya chuma cha chasisi karibu na mshono, ufa huanzia hapo, na gari likigongwa bampa haitaweza kutolewa bila kukatwa. Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani, ambayo ni daraja la nguvu yake, na kwa ukubwa wa M12, yaani kipenyo cha milimita 12, zikaze kwa takriban nyutoni-mita 80, pamoja na wosha nene upande wa chasisi. Angalia pia tangi la mafuta, bomba la moshi, nyaya za taa na kilipo kibao cha namba. Taa hazifunikwi hata kidogo, na namba lazima isomeke na iangaziwe usiku.

Pembe ya kuondokea, yaani mwinuko ambao gari linaweza kuushuka bila bampa ya nyuma kugusa chini, hupimwa kwa uzi. Shika ncha moja pale tairi la nyuma linapogusa ardhi, ivute ncha nyingine hadi sehemu ya chini kabisa ya bampa, na upime kwa kutumia simu au kwa hesabu. Ikiwa bampa iko sentimita 45 kutoka ardhini na mwisho wake uko sentimita 75 nyuma ya tairi, pembe ni takriban nyuzi 31. Ukiinyanyua bampa kwa sentimita 10 tu, bila kugusa springi, unapata nyuzi 36. Ndiyo maana ninapenda kuzikata kona za bampa kwa mshazari na kuzipandisha kuelekea nyuma ya matairi, kwani gari linaloshuka kutoka kwenye jiwe hadi mchangani aghalabu hutangulia kugusa kwa kona.

Uzito ndio unaosahaulika kuliko yote. Kitu kinachokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama mtu aliyekaa mwisho wa pembea: huongeza mzigo nyuma na wakati huohuo huyanyanyua magurudumu ya mbele. Chukua Land Cruiser 76, ambayo umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,730. Ukiweka kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inapokea takriban kilo 137, na magurudumu ya mbele yanapungukiwa na kilo 37 hivi. Hesabu yake si ngumu: zidisha uzito kwa umbali wake kutoka ekseli ya nyuma, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili, na jibu ndilo uzito unaotoka mbele na kuhamia nyuma. Kwenye Suzuki Jimny ya milango mitatu, yenye milimita 2,250 tu na ambayo yenyewe ni nyepesi, bampa nzito huonekana mara moja kwenye usukani. Kwa gari kama hilo mimi hutumia pleti ya milimita 3 na kukataa kuongeza tairi la akiba pamoja na madumu ya mafuta, hata kama mteja yuko tayari kulipa.

Kujua kilo za bampa kabla ya kukata chuma kunahitaji kanuni moja tu: pleti ya chuma yenye unene wa milimita 1 ina kilo 7.85 kwa kila mita mraba. Kwa hiyo pleti ya milimita 3 ni kilo 23.5 kwa mita mraba, na ya milimita 4 ni kilo 31.4. Pleti nzima ya futi 4 kwa futi 8, ikiwa ya milimita 4, hufika kilo 93. Skwea paipu, yaani bomba la mraba, ya milimita 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 3 ni kama kilo 4 na robo kwa kila mita. Chora bampa yote kwenye boksi la karatasi ngumu, kata vipande, vishikize kwenye gari kwa gundi ya karatasi, virekebishe mpaka vikae, kisha vitandaze chini na upime eneo lake. Violezo hivyo vitakupa umbo na uzito kwa pamoja, na hupunguza makosa ambayo kwenye chuma ni ghali.

Sasa nije kwenye chumvi, ambayo kwa sisi tunaoishi visiwani ni adui mkubwa kuliko mawe. Bampa moja niliyoitengeneza miaka ya mwanzo, kwa ajili ya gari la kushushia boti, ilikuwa nzuri kwa nje na imepakwa rangi mara tatu. Ilipofika mwaka ilianza kutoa vipele vya kutu katikati ya uso wake. Nilipoitoboa kwa drili, maji ya rangi ya chai yalitiririka. Nilikuwa nimeunda sanduku lililofungwa kwa juu lakini lenye mshono wa kurukaruka kwa chini, kwa hiyo maji ya bahari yaliingia na hayakuwa na njia ya kutoka. Niliitengeneza upya kwa gharama yangu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Tangu hapo nina njia mbili tu. Ama sanduku lifungwe kabisa kwa mshono usiokatika, ama liwe wazi kwa makusudi, likiwa na matundu ya milimita 12 katika kila sehemu ya chini ambapo maji yanaweza kutuama, na ndani lipakwe rangi kabla ya kufungwa. Kwa magari ya pwani huchagua njia ya pili, kwa sababu mteja anaweza kupitisha mpira wa maji yasiyo na chumvi ndani ya bampa kila anaporudi baharini.

Rangi haiwezi kuficha maandalizi mabaya. Saga mishono, ondoa magamba meusi ya kiwandani, futa mafuta kwa thina, kisha paka praima (rangi ya kwanza ya kushika chuma) ya epoksi au rangi yenye zinki kwa wingi siku hiyohiyo, kwa kuwa hewa yetu huanza kuleta kutu juu ya chuma kitupu ndani ya usiku mmoja. Ukitumia bomba lililopakwa zinki, ondoa zinki hiyo kwanza mahali pa mshono na ufanyie kazi penye upepo, maana mafusho yake husababisha homa na kifua kubana.

Mahali pa kuvutia gari hapana masihara. Shakli ya robo tatu ya inchi, ambayo ndiyo inayotumika sana, huwa na alama ya tani 4.75, yaani mzigo inaoruhusiwa kubeba, na pini yake ina kipenyo cha takriban milimita 22. Sikio la kuibebea ninalikata kutoka pleti ya milimita 20, tundu lake halizidi milimita 25, na kingo za tundu huzilainisha ili zisiile pini. Sikio hilo lisichomelewe juu ya uso wa bampa peke yake. Kata mwanya, lipitishe mpaka ndani, lichomelee pande zote mbili, kisha liungane na mguu uliofungwa kwenye chasisi, ili nguvu ya kuvuta iende kwenye gari lenyewe na isibaki kwenye pleti nyembamba. Kwa mishono hii tumia rodi za kuchomelea za aina ya 7018 zilizotunzwa kavu kwenye kopo lililofungika vizuri. Pakiti iliyoachwa wazi katika unyevu wa masika hunyonya maji, na mshono wake unaweza kupasuka baadaye bila dalili. Rodi za 6013 zinatosha kwa sehemu nyingine. Mwambie mteja pia, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba mpira wa ndoano ya trela haukutengenezwa kwa ajili ya kukwamulia gari kwa kamba ya kunesanesa: ukikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali.

Mkono wa tairi la akiba, yaani ule unaobeba tairi nyuma ya bampa na kufunguka kama mlango, unastahili bei yake peke yake. Chuma chake ni kidogo, lakini unahitaji ekseli fupi yenye bering mbili, kama ya gurudumu la trela, pamoja na kufuli inayobana bila kuacha mchezo, na kupanga vyote vikae sawa huchukua muda mrefu. Mkono unaogonga kila gari linapopita shimo utarudi kwako mara tatu, na kila marudio ni kazi usiyolipwa.

Hapa ndipo ninapopingana na mafundi wenzangu wanaouza bampa kwa kilo. Kilo hupima chuma, hazipimi kazi. Nitatoa mfano wa hesabu, na kila mmoja aweke namba za kwake. Tuseme mchoro umetoa kilo 60, na ukiongeza asilimia 15 ya mabaki unanunua kilo 69. Ikiwa chuma kinakufikia mlangoni kwa shilingi 4,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 276,000. Nasisitiza neno mlangoni. Chuma chetu Pemba huvuka bahari, hupakiwa, hupakuliwa na kubebwa tena kwa gari, na fundi anayehesabu bei ya duka la Dar es Salaam hujilipisha nauli yote hiyo mwenyewe.

Kisha tafuta gharama ya saa yako moja. Jumlisha kodi ya banda, umeme, mishahara pamoja na wako mwenyewe, na akiba ya kununua mashine nyingine hii itakapokufa, halafu gawanya kwa saa ambazo kweli mnafanya kazi kwa mwezi, ukitoa siku za umeme kukatika na saa za kusubiri. Ikiwa ni shilingi 1,800,000 kwa saa 150, saa moja ni shilingi 12,000. Bampa ya kwanza ya aina fulani ya gari hunichukua kama saa 32: nne za kupima na kuandaa violezo, tisa za kukata na kukunja, kumi za kuchomelea na kusaga, tano za rangi, na nne za kufunga na kuunganisha taa. Hapo ni shilingi 384,000. Ongeza diski, rodi, bolti, praima na rangi, tuseme 165,000, na jumla ya gharama inafika 825,000. Faida ya asilimia 20 ni 165,000, hivyo bei ni shilingi 990,000. Sasa tazama mkono wa tairi: kilo 15 za chuma ni shilingi 60,000 tu, ila saa 16 ni 192,000, kabla hata hujanunua bering. Anayeuza kwa kilo angeutoa karibu bure.

Andika yote haya kwenye karatasi mbili, moja ya mteja na moja yako, ukionyesha unene wa chuma, vilivyomo, visivyokuwemo, siku ya kumaliza, na muda ambao bei hiyo itasimama, kwa sababu bei ya chuma hubadilika. Chukua arbuni inayotosha kununua chuma na bolti zote. Mteja akiomba punguzo, mwoneshe kitu cha kuondoa kwenye mchoro, kama kishikio cha dumu au taa za ziada, wala usipunguze unene wa miguu au ubora wa bolti.

Siku ya kukabidhi, pima kimo cha nyuma ya gari kutoka ardhini kabla na baada ya kufunga bampa, na uandike tofauti hiyo, ili mteja ajue kama springi zinahitaji kuongezewa jani. Mwambie arudi baada ya wiki mbili ukaze bolti tena bila malipo. Saa moja ya kazi hiyo iwe tayari imo ndani ya hesabu. Violezo vya boksi viandike aina ya gari na mwaka, uvihifadhi pakavu. Gari la pili la aina hiyohiyo litakuchukua pengine saa 24, na mimi humrudishia mteja nusu ya nafuu hiyo kwenye bei, na nusu nyingine hulipa zile saa za mwanzo nilizotumia kukata boksi na kukosea.